Kumfuata Binti kwa Makauboi

Siku ya pili ya Idi, mbele ya kaka zake watatu na wazee wa mtaa wetu hapa Ibra, Uarabuni, mume wangu aling'oa nofu kwenye sinia la nyama, akalishika mkononi bila ya kulila, akasema, "Mwezi ujao naenda Marekani. Nikirudi, narudi na binti yangu." Wazee wakaitikia inshallah. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, pazia tu baina yetu, na moyo ulinishuka. Namjua mtu wangu. Akishatoa neno mbele ya watu, hata aone shimo mbele yake, atatumbukia kuliko kurudi nyuma.

Kisa chenyewe ni hiki. Kitinda mimba wetu alikuwa amemaliza masomo Texas, amesomea kutibu wanyama. Wenzetu watoto wao hutoka madaktari wa watu, sisi wetu katoka daktari wa farasi, na lawama zote nampa baba yake. Ndiye aliyempandisha mgongoni mwa farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwetu, siku za sherehe, wanaume hukimbiza farasi wawili wawili huku wameshikana mikono, na mtoto yule alikuwa akilia kwa ghadhabu kwa kuwa hakuna wa kushikana naye mkono. Basi kule Texas kulikuwa na bibi mmoja, daktari wa farasi wa siku nyingi, aliyetaka abaki afanye kazi naye miaka miwili. Binti akatupigia simu. "Mama, mie nataka kubaki. Lakini baba asiponipa radhi yake, sibaki."

Baba alikataa mara tatu. Mara ya kwanza kwa maneno mengi, mara ya pili kwa neno moja, na mara ya tatu alinipa simu mimi akatoka kwenda kutazama mitende.

Binti naye si mjinga. Akasema, njooni kwanza mtembee, jawabu la yule bibi natakiwa nilitoe siku mnayoondoka. Akatupangia safari: tuanze Nashville kwenye muziki wa kantri, twende Fort Worth kwenye mji wa makauboi, tumalizie kwenye kimji cha yule bibi. Nikamwambia kwa siri, "Mwanangu, weye unamlainisha baba yako kama nyama kwa papai." Akacheka tu. Na mkiniuliza mimi nilikuwa nataka nini, sitaficha: nilitaka arudi. Nyumba imekuwa kubwa, na mimi nimeshastaafu ualimu, sina hata watoto wa watu wa kuwagombeza. Lakini nilitaka arudi kwa kupenda, si kwa kuburutwa kama mbuzi.

Uwanja wa ndege alitupokea na kofia ya kauboi kichwani. Akaivua, akambusu baba yake mkono. "Shikamoo, Baba." "Marahaba," akajibiwa, huku baba macho kayakaza kwenye kofia. Hapo hapo nikajua tuna kazi.

Sasa Nashville. Loo! Mtaa mmoja mzima, kila mlango muziki, na kila dirisha liko wazi, mpiga gitaa kakaa pale pale dirishani anawaimbia wapita njia. Ndani ni mabaa, kwa hivyo hatukuingia. Tulisimama nje, kwenye njia ya watu, saa nzima mbele ya dirisha moja, kisha tunahamia jingine. Mume wangu kavaa kanzu yake nyeupe na kilemba na bakora mkononi, maana alikataa katakata kuvaa suruali. "Mie nende kwa watu na nguo za watu? Wana zao, nina zangu." Matokeo yake watu wakawa wanapanga foleni kupiga picha naye. Bwana mmoja mnene, kofia pana, mabuti ya ngozi yenye nakshi, akamsifu kweli kweli kwa kuvaa vizuri kuliko wote mtaani.

Mume wangu akamshukuru. Kisha akainama akayatazama yale mabuti, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, uso mkavu, "Kiatu hiki hakijapatapo kukanyaga mavi."

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Akamuuliza yule bwana anafanya kazi gani, akasema anauza bima. Basi tokea hapo ikawa ndio mchezo wetu, kila anayepita na kofia, mume wangu anatazama viatu na kutoa hukumu: bima, bima, mwalimu, bima. Kwa siku tatu hatukuona hata mmoja aliyepita na samadi. Na mimi miguu inaniuma, nimeomba chai nimeletewa imejaa barafu, ebo! Chai ya barafu! Nikainywa kwa hasira na ikawa tamu, nikaomba nyengine.

Nyimbo zilimwingia. Hilo nilikuwa sikulitarajia. Alikuwa anamtaka binti amfasirie kila wimbo, na binti anafasiri: huyu mke wake kaondoka, huyu mbwa wake kafa, huyu yuko mbali na kwao anaendesha lori. "Zote hizo ni za mtu aliye peke yake njiani," akasema mume wangu. "Ndo nyimbo za ngamia hizi." Kwetu mkoani Sharqiya wapanda ngamia wana nyimbo zao, sauti moja ndefu, anayoimba mtu asije akalala juu ya mnyama. Akaanza kugonga bakora chini kufuata gitaa. Binti akanikonyeza, kwamba papai linafanya kazi. Nami nikasema kimoyomoyo, mtoto wee, hujamjua baba yako.

Maana usiku ule ule kwenye chakula alimwambia, "Nyimbo zao nzuri. Na tiketi yako nimeshakukatia."

Binti akaweka kijiko chini. Mimi niliona uchungu, na chakula kikanishinda.

Fort Worth ndiko kulikotokea mkasa wenyewe. Kule kila siku huwapitisha ng'ombe katikati ya mtaa, ng'ombe wa zamani wenye pembe ndefu, pembe moja tu ni mkono mzima wa mtu mzima. Makauboi wamepanda farasi wanawasukuma taratibu, na watalii wamesimama pande mbili wanatazama. Sasa mtu yeyote mwengine angeona maonyesho. Lakini mume wangu ni mtu wa soko la mifugo la Nizwa. Kila mwaka kabla ya Idi humpeleka shemeji yangu Nizwa siku ya Ijumaa asubuhi kuchagua mnyama, na pale soko ndivyo lilivyo: wanunuzi wamepanga safu mbili, wauzaji wanapita katikati na wanyama wao wakizunguka, na ukimtaka mnyama humwiti mtu. Unaingia tu, unamsimamisha, unamshika mgongo, unamfungua mdomo ukaone meno, unauliza bei. Ukisubiri kukaribishwa utarudi nyumbani na kuku.

Safu mbili za watu, wanyama wanapita katikati. Bwana yangu akaingia.

Nikageuka nikaona kanzu nyeupe iko katikati ya barabara, bakora imenyanyuliwa mbele ya dume moja jekundu, na mkono wa pili unaliminya bega. "Yarabi!" nikapiga ukelele. Watalii wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Dume likasimama, likageuza kichwa kumtazama nani anayeliminya, na ile pembe ikapita karibu ya kilemba, wallahi baina yao vidole vitatu tu. Farasi wa kauboi aliyekuwa nyuma akaanza kucheza miguu. Na mume wangu, bila ya habari, anauliza kwa Kiarabu, "Bei gani?"

Binti yetu alikuwa hayupo tena ubavuni kwangu. Sikumwona akienda. Nilimwona tu yuko baina ya baba yake na ile pembe, kiganja kakiweka shingoni mwa dume, anasema naye kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake kile kilichochakaa, "Taratibu, baba, taratibu, hakuna kitu." Lile dume likashusha kichwa. Hata farasi akatulia. Yule kauboi, mzee wa makamo mwenye masharubu, akavua kofia kwa adabu, akasema maneno ambayo binti ametufasiria na mpaka leo tunayasema nyumbani, "Huyu hauzwi, mzee. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mume wangu hakuona haya hata chembe. Akanyoosha bakora, akamwambia binti, "Mfasirie. Mwambie mfanyakazi mwenzake kwato ya nyuma, ya kushoto, inamuuma."

Na binti akamjibu bila hata ya kutazama. "Naijua, Baba. Nimeiona tokea anapinda pale konani."

Binti akamweleza kauboi, kauboi akashuka, akainua mguu, na kweli, jiwe limejichimbia kwenye kwato. Akamshukuru binti. Si baba, binti. Akamwita daktari.

Tulirudi hotelini na mume wangu hakusema neno. Hakula vizuri. Kimya kingi kina mshindo, nikasubiri mshindo. Nilipomuuliza unaumwa, akasema, "Mie nimeiona alipofika mbele yangu. Yeye kaiona kutoka konani." Kisha akageukia ukutani. Nikadhani kaumia kwa kushindwa na mtoto. Wanaume wana mambo.

Siku mbili za mwisho tulikuwa kwenye kimji cha yule bibi, vilima vikavu na miti mifupi, mahali pa kutosha kumfanya mtu wa Ibra ajione hajasafiri. Bibi mwenyewe kanizidi umri, kavaa suruali ya jinzi na kofia iliyopoteza rangi. Mume wangu jambo la kwanza akatazama mabuti yake. Samadi mpaka kwenye vifundo. Akampa heshima zote tokea dakika ile.

Siku ile kulikuwa na farasi jike anaumwa na tumbo, analala, ananyanyuka, anajipiga teke. Bibi akamwashiria binti, haya, wako huyo. Mwanangu akavaa glavu ndefu ya plastiki, akautia mkono wote mpaka begani mahali ambapo mimi siwezi kupataja. Nikafunika macho na mtandio. "Huyu ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele kwa mafuta ya nazi!" Baba yake yuko mbele kabisa, shingo ameinyoosha, anauliza, "Umefika? Umeligusa tumbo lenyewe?" Na binti, jasho linamtoka, "Nimeligusa, Baba. Limejikunja. Litafunguka." Jioni ile yule farasi akatoa haja yake, na watu wazima wanne tukashangilia mavi. Binti kasimama pale kachafuka, anacheka, na uso wake una nuru ambayo nilikuwa sijaiona tokea yuko mdogo. Ndipo nilipojua kwamba mtoto huyu, tukimrudisha, atakaa nyumbani kwetu kama mgeni. Niliumia. Lakini nilijua.

Baada ya hapo mume wangu akaondoka na yule bibi kwenda kutazama mabanda mengine, wao wawili tu, yeye na Kiingereza chake cha maneno kumi. Niliwaona kwa mbali wanasemezana kwa mikono. Nikamwambia binti nenda ukawafasirie, akaniambia, "Waache, Mama."

Kesho yake alasiri, saa chache kabla ya kuondoka, tukamwalika bibi kwenye nyumba tuliyopanga. Huwezi kumfuata mtu kwake ukaondoka bila ya kumkirimu. Dalla letu, birika la kahawa, nilitoka nalo Ibra, na hiliki, na tende, na kopo la halwa. Tukatandika chini. Bibi akakaa nasi chini vizuri tu, magoti yanalia. Kwa kawaida anayemimina kahawa ni mdogo wa nyumba, na binti alikuwa ameshalinyanyua dalla. Baba yake akamchukulia mkononi. "Leo namimina mie." Nikashangaa, lakini nikasema labda ni heshima ya kuagana.

Akammiminia bibi. Bibi akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akatabasamu, akakiweka chini mbele yake.

Hapa lazima niseme kitu, kwa wasiozijua desturi za kwetu. Mgeni akipewa kahawa akaiweka chini asiinywe, hilo si jambo dogo. Maana yake amekuja na haja, na hainywi mpaka haja yake ikubaliwe. Na mwenye nyumba aliye mtu haswa hawezi kumwacha mgeni akaondoka hajanywa kahawa yake, hata kama haja yenyewe ni binti wa kuoa au damu ya kusamehe. Watu wamesameheana vifo kwa kikombe kisichonywewa. Ni fedheha isiyofutika, na haki ya mgeni iko juu ya neno lolote ulilolisema kabla.

Mume wangu akakitazama kile kikombe. "Karibu, kunywa," akamwambia. Bibi akatikisa kichwa kwa upole, asante. Mara ya pili. Bibi akaweka mkono kifuani, asante sana. Binti keshaanza kubadilika rangi, anataka kusema kitu. Baba yake akamnyamazisha kwa kidole. Mara ya tatu akasema, na bibi akatikisa kichwa tena, kikombe kiko pale pale kinafuka moshi.

Mume wangu akajiweka sawa, akarekebisha kilemba, akasema kwa sauti ile anayoitumia mbele ya wazee, "Mwambie anywe kahawa yake. Haja aliyoijia nimeipokea. Miaka miwili, na radhi yangu juu yako."

Binti hakufasiri chochote. Alijifunika uso kwa mikono miwili akalia kwa kwikwi, mimi nami nikafuata, na yule bibi maskini katutumbulia macho, hajui kafanya kosa gani. Binti alipopata sauti akamweleza. Bibi akashangaa, akasema kitu, na binti akaanza kufasiri, "Baba, anasema yeye hakuja na haja yoyote, amekuja kwa kuwa..."

"Hayo usinifasirie," akasema mume wangu. "Mpe tende."

Tukaondoka wawili. Mimi nililia kuanzia Texas mpaka tunapobadilisha ndege, na baada ya hapo nililala. Kiti cha pembeni yetu kilikuwa kitupu, kile cha tiketi ya binti, mume wangu akakiwekea bakora. Nilimwonea huruma. Nilisema moyoni, masikini, mila yake mwenyewe imemtega, na sasa anarudi kwa kaka zake bila ya yule aliyesema atarudi naye. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera. Mimi ndiye niliyeosha vyombo, na kikombe cha bibi nilikikuta kimejaa. Haja imekubaliwa, na kahawa hakuinywa.

Nilikuja kujua wiki tatu baadaye, asubuhi moja binti aliponipigia simu. Tukawa tunazungumza hili na lile, nikamuuliza bibi hajambo? Akasema hajambo, ila moyo wake unamsumbua, daktari amempiga marufuku kahawa mwaka wa pili sasa. "Nilitaka kumwambia Baba siku ile, akaninyamazisha," akasema. "Tena ajabu, Mama. Bibi ananambia Baba alijua. Siku ile walipokwenda kwenye mabanda, Baba alimuuliza, anakunywa kahawa? Akamwambia hapana, akamwonyesha moyo. Baba akamuuliza tena, hata kidogo? Hata tone. Ati akafurahi kweli kweli, akampa mkono."

Nikakaa na simu mkononi. Sikumwambia kitu binti, nilimwambia ale vizuri.

Jioni ile ile, baada ya alasiri, kaka zake na wale wazee walikuja. Nilikuwa napeleka sinia la tende nikasimama nyuma ya pazia. Mume wangu anawasimulia, na sauti yake nzito kama ya mtu aliyefiwa. Mgeni nyumbani kwangu. Kikombe kaweka chini. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. "Ningefanya nini?" Na wazee wanaitikia, hukuwa na la kufanya, mgeni ni mgeni, umefanya la watu. Hakuna hata mmoja aliyelitaja lile neno la siku ya Idi. Lakini kaka yake mkubwa ni mtu wa kuchimba. Akanyanyua sauti upande wa pazia, "Shemeji! Ulikuwepo. Kweli yule bibi hakuinywa?"

Mume wangu akageuka. Pazia letu jepesi. Akaniona ninavyomtazama, na akajua kwamba ninajua.

"Kweli, shemeji," nikasema. "Kikombe nimekiosha mwenyewe, kilikuwa kimejaa mpaka juu."

Wazee wakasema subhanallah. Mume wangu akainama, akapapasa mkekani kwa muda mrefu akitafuta kokwa ya tende ambayo haikuwepo.